Baba Alipojitoa Kundini: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya washauri na wasuluhishi wa migogoro ya kifamilia, na kwa yeyote ambaye nyumbani kwao watu wameacha kusemezana. Majina, mahali, kazi na vyama vya siasa vimeondolewa, na mambo machache ya kando yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mfuatano wa matukio umeachwa ulivyokuwa.

Familia yenyewe ilipomfikia mshauri ilisema imegawanywa na siasa. Kwa maoni yangu, uchaguzi ulikuwa kichocheo tu. Kilichokwama ni kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: nani anaruhusiwa kumwambia nani jambo gani, kwa njia ipi, na asipojibiwa aelewe nini.

Usuli

Baba na mama wako katika miaka yao ya sabini na wanaishi wenyewe. Wana watoto wanne, wote watu wazima: dada mkubwa ambaye ndiye kifungua mimba, kaka wawili, na kitinda mimba ambaye ni binti. Kaka wa kwanza ameoa mke kutoka jamii nyingine. Katika maelezo haya nitamwita mkwe.

Katika nyumba ya baba, mambo mazito hupitia kwa dada mkubwa. Ukiwa na jambo unalotaka kwa baba, unamweleza dada. Yeye huchagua saa, huchagua maneno, kisha hukuletea jibu. Utaratibu huo haukuwekwa na mtu, watoto waliukuta na wakakua nao. Baba si mtu wa kufoka. Akikataa jambo, hunyamaza. Akikubali pia hunyamaza, ila baada ya siku mbili tatu unakuta jambo limeshafanyika. Watoto walijifunza kutofautisha vimya hivyo viwili kwa kumtazama usoni, kwa namna anavyoinuka kitini, kwa swali dogo analouliza kuhusu jambo lingine kabisa.

Mkwe alikulia kwenye nyumba ya mabishano. Kwao mtoto mdogo anaweza kumwambia baba yake, "Hapo umekosea, baba," na baba akajibu kwa hoja. Watu hukatizana, hupandiana maneno, na hakuna anayechukia. Anayenyamaza ndiye anayewatia wasiwasi: huulizwa kama anaumwa.

Kitinda mimba anaishi mbali na ni mfuasi wa wazi wa chama kinachopingana na kile cha baba yake. Jambo hilo lilijulikana na wote, lakini halikuwahi kusemwa mbele ya baba.

Yaliyotokea

Wiki chache kabla ya uchaguzi, baba aliweka video ya mgombea wake kwenye kundi la familia la kwenye simu, na chini yake akaandika: "Huyu ndiye anayejua kazi." Kwa kawaida ujumbe wa namna hiyo ulipata dole gumba mawili matatu, mambo yakaendelea. Safari hii kitinda mimba aliandika: "Baba, kwa heshima zote, huyo ndiye aliyetufikisha hapa tulipo." Akaambatanisha makala yenye takwimu.

Kundini walikuwemo watoto wote, wakwe, na wajukuu wanne wenye simu. Alama zilionyesha kwamba wote wameusoma ujumbe huo. Juu ya skrini yakatokea maneno kwamba baba anaandika. Yakapotea, yakarudi, yakapotea tena. Asubuhi wakakuta taarifa ya mstari mmoja: baba amejitoa kundini.

Siku hiyo hiyo kaka wa pili alimwandikia mdogo wake faraghani: "Umesema kweli, lakini ungeniambia kwanza." Kundini hakuandika kitu. Dada mkubwa alimpigia simu akimtaka aombe radhi. Kitinda mimba akajibu kwamba hajatukana mtu, ametoa maoni. Dada akaenda kwa baba na kumwambia, "Mdogo wangu anajutia." Kitinda mimba hakuwa amesema hivyo. Baba, aliyekwisha kuambiwa kwamba binti yake anajuta, alikaa akimsubiri aje. Binti hakuja, kwa kuwa hakujua kama anasubiriwa. Kwa baba, kutokuja huko kulikuwa kosa la pili, na lilimuuma kuliko lile la kwanza.

Miezi miwili baadaye mama alianguka akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na hospitali ikataka kujua atakaa wapi akiruhusiwa, atasaidiwa na nani, na kama nyumba ina ngazi. Watoto walijadiliana kwenye kundi lile lile ambalo baba hayumo. Walikubaliana mama akakae kwa kaka wa kwanza, kwa kuwa nyumba yake haina ghorofa. Baba aliletewa habari na dada mkubwa vipande vipande, na kila kipande kilikuwa kimeshalainishwa.

Kisha wakakutana nyumbani kwa wazee. Baba alisikiliza mpango mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Mkwe akashindwa kuvumilia: "Baba, mbona hutuambii unataka nini? Sisi hatuwezi kubahatisha." Baba akainuka, akasema, "Endeleeni," akatoka nje. Kaka wa kwanza alikuwa ameinamia simu yake. Njiani kurudi mkewe alimuuliza mara kadhaa kwa nini hakumsaidia. Kila alivyouliza, ndivyo mumewe alivyozidi kujifunga. Usiku huo alilala sebuleni.

Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, alipoona kila simu anayopiga inampa jibu tofauti, ndiye aliyewaelekeza kwa mshauri wa familia.

Maamuzi ya mshauri, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutowakutanisha. Alionana na kila mmoja peke yake kwanza, kwa kuwa katika kikao cha pamoja wangeshika nafasi zao zile zile: dada angefasiri, baba angenyamaza, mkwe angeuliza, mumewe angetazama chini. Katika mazungumzo hayo alimuuliza kila mtu swali moja: ulikokulia, mtu akinyamaza huwa anasema nini?

Pili, aliiweka siasa kando na hakudai radhi kutoka kwa mtu yeyote. Aliona kwamba suala la mama lina tarehe ya mwisho, na mjadala wa nani alikosea kundini hauna.

Tatu, alimwomba dada mkubwa apumzike na kazi ya kubeba ujumbe. Lolote linalomhusu baba, baba aambiwe mwenyewe. Yeye dada aje na maoni yake, si ya wenzake. Inasemekana alikaa kimya kwa muda kisha akasema hana uhakika maoni yake ni yapi.

Nne, alikwenda kumwona mama wodini, akamuuliza anataka nini.

Kikao cha pamoja kilipofika, kilikuwa na kanuni mbili. Kila mtu angesema kwa zamu bila kukatizwa, kuanzia mdogo hadi mkubwa, baba akimalizia, kwa kuwa akitangulia yeye wengine wangemfuata tu. Na yeyote angeweza kuahirisha jibu lake, ila kwa sharti moja: aseme atalijibu lini. Kitinda mimba alishiriki kwa simu ya video.

Matokeo

Mama hakutaka kuhama. Alitaka kitanda kishushwe ghorofa ya chini, aendelee kuwa kwake. Hilo alikuwa ameshamwambia mtu mmoja kabla ya mshauri: mkwe, kwa sababu ndiye pekee aliyemuuliza. Mkwe alimwambia mumewe, na mumewe hakulifikisha popote. Alipoulizwa sababu alisema lingeonekana ni neno la mke wake, si la mama.

Baba alitumia ile nafasi ya kuahirisha. Alisema, "Nitajibu Jumapili." Jumapili alimpigia kila mtoto simu yeye mwenyewe, akiwemo kitinda mimba, akasema mama atarudi nyumbani na yeye atalala chini pamoja naye. Ilikuwa simu yake ya kwanza kwa binti huyo tangu ajitoe kundini, na ilichukua muda mfupi sana. Msaidizi wa mchana aliajiriwa, na watoto wakagawana siku za wiki.

Kwenye kundi la zamani baba hakurudi. Lilianzishwa jipya la matunzo ya mama peke yake, na baba yumo. Yeye na kitinda mimba wanazungumza juu ya dawa, mazoezi ya kutembea na siku za kliniki. Siasa hawaigusi. Kitinda mimba alimwambia mshauri kwamba amefurahi kwa ajili ya mama, lakini anahisi amerudishwa kwenye kona yake ya zamani. Sioni sababu ya kumpinga.

Uchambuzi: kimya kilikuwa cha namna ngapi?

Hapa ndipo penye funzo kubwa zaidi. Majibu ya lile swali la mshauri yalionyesha kwamba katika familia moja kimya kilikuwa na maana tofauti, na kila mmoja alisoma kimya cha mwenzake kwa maana ya kwake.

Kwa baba, kunyamaza kulikuwa namna ya kujizuia. Alimwambia mshauri kwamba usiku ule aliandika majibu na kuyafuta, kwa kuwa kila alichoandika kingemuumiza binti yake mbele ya wajukuu. Akaona bora aondoke. Kitinda mimba akasoma kwamba amefukuzwa: kwake mtu anayefunga mlango katikati ya mazungumzo amemkataa mwenzake. Kaka wa kwanza alinyamaza kwa kulemewa. Mambo yakizidi hupoteza maneno, na akisukumwa hupoteza hata yale machache yaliyobaki. Mkewe alisoma dharau. Mama alinyamaza kwa sababu alizoea kuwa matakwa yake hujulikana baada ya ya wengine kumalizika. Wote wakasoma kwamba ameridhia.

Mshauri anayeingia kwenye nyumba kama hii na kusema "zungumzeni kwa uwazi" hajasaidia. Uwazi wenyewe ndio wanaougombania. Swali lile moja lilifaa kwa kuwa lilimfanya kila mtu aone kwamba maana aliyoidhani ya kawaida ni ya nyumba fulani.

Nyumba mbili, mazoea mawili

Watafiti Jack McLeod na Steven Chaffee, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walichunguza jinsi vijana wanavyojifunza siasa nyumbani, na huko wakaibua namna ya kuzitofautisha familia ambayo bado inatumika. Kuna familia zinazohimiza mjadala na zisizouhimiza. Na kuna zinazosisitiza watoto wafuate msimamo wa wazazi na zisizosisitiza. Mambo hayo mawili ni tofauti, kwa hiyo familia inaweza kuwa na vyote, kimoja, au kukosa vyote. Nyumba ya baba ilikuwa na mjadala kidogo na ufuasi mwingi. Nyumba aliyotoka mkwe ilikuwa kinyume chake.

Udhaifu wa aina ile ya kwanza unaonekana wazi katika kisa hiki. Familia inayoepuka ubishi kwa miaka mingi haipati mazoezi ya kubishana, na siku ubishi unapofika hakuna anayejua hatua ya pili. Kitinda mimba alijua kusema, hakujua kurudi. Baba alijua kuondoka tu. Lakini tusiibeze nyumba hiyo. Kazi nyingi ngumu zilifanyika humo bila makelele, watoto walisomeshwa, wagonjwa waliuguzwa, na watu walisomana kwa ustadi ambao mkwe mwenyewe alikiri hajawahi kuuona. Ustadi huo ulitegemea kuonana ana kwa ana. Kwenye simu, uso wa baba haukuwepo wa kutazamwa, na kimya chake kikabaki kitupu.

Jinsia: kilichosemwa na kilichotokea

Kaka wa pili alimwambia mshauri kwamba tatizo ni "wanawake wa nyumba hii wanaongea sana". Ni kauli inayosikika kila mahali, lakini mwaka 2007 utafiti ulioongozwa na Matthias Mehl, uliorekodi mazungumzo ya kila siku ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani na Mexico, ulikuta wanawake na wanaume wote wakizungumza wastani wa maneno yapatayo 16,000 kwa siku. Katika familia hii, tofauti ilikuwa kwenye kazi ambayo maneno ya kila mmoja yalitakiwa kufanya.

Dada mkubwa alizungumza kuliko wote, na hakuna aliyejua anafikiri nini. Maneno yake yote yalikuwa ya kuwaunganisha wengine. Ile kauli ya "anajutia" aliisema kwa mapenzi, akiamini anazima moto, na ndiyo iliyomweka baba akisubiri ziara ambayo haikupangwa. Nalisisitiza hili kwa sababu wasuluhishi wengi humshukuru mtu wa namna hii na kumwongezea mzigo. Katika kisa hiki mshauri alifanya kinyume, na naona huo ulikuwa uamuzi wake bora kuliko yote.

Kuna jingine lililojitokeza baadaye. Kaka wa pili aliwahi kumpinga baba kuhusu siasa, mbele ya watu, na baba akasema, "Kijana anafikiri." Kitinda mimba alipofanya hivyo hivyo, likaitwa suala la adabu. Ni kweli mmoja alisema kwa mdomo na mwingine aliandika mbele ya wajukuu. Hata hivyo hakuna mtu katika familia aliyeziweka kesi hizo mbili pamoja mpaka kitinda mimba mwenyewe alipofanya hivyo.

Kwa wanandoa, mwenendo wa mmoja kudai na mwingine kujitenga unajulikana sana. Andrew Christensen na Christopher Heavey walionyesha mwaka 1990 kwamba wake hudai na waume hujitenga hasa pale mada inapokuwa mabadiliko anayoyataka mke. Mada ikiwa ya mume, tofauti hiyo hupotea. Maana yake, anayefuata wala anayekimbia hapaswi kueleweka kwa jinsia yake pekee. Tazama pia nani anataka mambo yabadilike, na nani ananufaika yakibaki yalivyo. Kaka wa kwanza hakuwa na haja ya kuzungumza. Utaratibu wa nyumba ya baba yake ulimfaa bila yeye kusema neno. Mkewe hakuwa na njia nyingine ila kuuliza.

Siasa, na hofu ya kuwa peke yako

Mwaka 1974 Elisabeth Noelle-Neumann alieleza jinsi watu wanaojiona wachache wanavyonyamaza, na kunyamaza kwao kukawafanya waonekane wachache zaidi. Nadharia hiyo ilihusu maoni ya umma, lakini kundi la familia ni umma mdogo. Katika mazungumzo ya faragha mshauri aligundua kwamba watoto watatu kati ya wanne walikuwa upande wa kitinda mimba. Yeye alidhani yuko peke yake, na kwa hiyo akaandika kwa ukali wa mtu aliye peke yake. Baba naye alidhani ana mtoto mmoja aliyepotoka. Mshauri hakuitoa siri hiyo, na sidhani alikuwa na haki ya kuitoa. Iliwabidi wenyewe waseme, na hawakusema.

Kilichoshindikana

Kanuni ya kusema kwa zamu ilimfaa baba na ilimwonea mkwe. Deborah Tannen, katika uchambuzi wake wa mwaka 1984 wa mazungumzo ya marafiki mezani, alionyesha kwamba kwa baadhi ya watu kuingilia maneno ya mwenzako ni njia ya kumwonyesha kwamba uko naye, ilhali wengine huona wamenyang'anywa nafasi. Na nafasi hizo ni finyu mno: utafiti wa Tanya Stivers na wenzake wa mwaka 2009, uliolinganisha lugha 10, ulikuta pengo la kati ya swali na jibu ni wastani wa takriban milisekunde 200, huku kila jamii ikiwa na mwendo wake kidogo. Ukichelewa kidogo unaonekana unasita, ukiwahi kidogo unaonekana huna adabu.

Mkwe alisema sentensi mbili tu katika kikao kizima. Mshauri aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba "ametulia". Alipoulizwa baadaye, mkwe alisema hakutulia: alisubiri mtu amuulize swali, amkatize, ambishie, na kwa kuwa hakuna aliyefanya hivyo alihitimisha kwamba maneno yake hayana uzito. Yule aliyekuwa na habari muhimu kuliko zote kuhusu mama ndiye kanuni ilimnyamazisha. Kama habari hiyo isingepatikana wodini, ingepotea. Kanuni ya zamu si ya haki kwa sababu tu inamhusu kila mtu. Kingefaa kipindi cha pili cha kikao, kilicho huru, ambapo watu wanaruhusiwa kuulizana na kupandiana maneno kwa muda uliowekwa.

Ile kanuni ya kutaja siku ya kujibu, kwa upande mwingine, ningeichukua kwenye kisa chochote. Haikumlazimisha baba aache kimya chake. Ilikipa mwisho ambao wengine waliweza kuungoja.

Mgogoro wa wanandoa haukuguswa, wakaelekezwa kwa mshauri mwingine. Na dada mkubwa alirejea kwenye kazi yake ya zamani baada ya wiki chache, kwa sababu baba alianza tena kumpigia yeye kwanza. Ilipoandaliwa orodha ya kikao cha ufuatiliaji, dada ndiye aliyeikusanya, na jina la kitinda mimba halikuwemo. Alisema hakutaka kumsumbua huko aliko. Mshauri alimpigia binti huyo moja kwa moja, akamwalika, na akamwomba baba naye afanye hivyo kwa sauti yake mwenyewe kabla ya siku ya kikao.